Kutoka XLR 250 kwenda FJR1300 ya mkononi: safari zangu za mwanzo

Mkuu, umeuliza mambo matatu: kama mtu aliyezoea cc 250 anaweza kuhamia kwenye pikipiki kubwa ya safari, kama barabara zetu zinaifaa, na kama mama watoto ataweza kukaa nyuma mwendo mrefu. Nakujibu kwa yaliyonipata, maana nilihama hivyo hivyo mwaka jana. Nilikuwa na Honda XLR 250 kwa miaka saba, nikanunua Yamaha FJR1300 ya mwaka 2014 kwa mgeni aliyemaliza mkataba wake wa kazi Dar na kurudi kwao. Ilikuwa imetembea kilomita 41,000. Siku ya kwanza nilirudi nyumbani nikiwa na majuto.

Siku hiyo niliipeleka Bagamoyo. Tangi la lita 25 likijaa, mashine hii ina kilo 289, yaani zaidi ya Boxer mbili kwa pamoja. Ukishafika mwendo wa 30 au 40 uzito huo huusikii tena. Unausikia ukitoka getini, ukigeuza sehemu finyu, ukisukuma kwa miguu kwenye kokoto. Nilisimama sheli moja Tegeta, sakafu ina mteremko na imemwagika oili. Usukani nilikuwa nimeukunja kushoto, nikabana breki ya mbele, mguu ukateleza, ikaanza kulala. Kijana wa pampu aliidaka kwenye boksi la pembeni. Bila yeye ingelala, na sidhani kama ningeinyanyua peke yangu. Tangu hapo nimejifunza kunyoosha usukani kabla ya kusimama, na mwendo wa kutambaa nautawala kwa klachi nusu na breki ya mguu, taratibu. Nilikwenda uwanja mtupu Jumapili mbili kufanya hilo tu, na nakusihi ufanye hivyo kabla hujaingia nayo foleni ya Mwenge.

Kilichonisumbua zaidi kilikuwa kona. Ilikuwa haitaki kuingia. Unausukuma usukani, inagoma, halafu inaanguka ghafla upande ule. Kwenye viraka vya lami mgongo ulikuwa unapokea kila kitu. Nilidhani ndivyo ilivyoumbwa, na kwamba watu wanaoisifu hawajawahi kuendesha kitu chepesi.

Usiku nikainama na tochi nikasoma ubavu wa tairi. Kuna tarakimu nne ndani ya kiduara: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Zilisomeka 2216, yaani wiki ya 22 ya mwaka 2016. Wakati wa kununua niliangalia meno tu, na meno yalikuwepo. Sikuangalia kwamba katikati tairi limekuwa bapa kwa sababu ya kunyooka barabara kuu miaka yote, wala kwamba mpira umekauka kiasi kwamba ukucha hauingii. Nikapima upepo kwa PSI, mbele nikakuta 28 na kitabu chake kinataka 39, nyuma 31 badala ya 42. Halafu kuna mkono mdogo wa kurekebisha shokapu ya nyuma, una nafasi mbili: laini kwa mtu mmoja, ngumu kwa abiria na mizigo. Ulikuwa kwenye ngumu, nikaurudisha laini. Kwa hiyo siku ile ya Bagamoyo sikuijua pikipiki hata kidogo, nilijua matairi ya zamani na mipangilio ya mtu mwingine.

Matairi yake ni 120/70 mbele na 180/55 nyuma, inchi 17 zote. Usitegemee kuyakuta dukani Kariakoo ukiwa na haraka. Niliagiza, nikasubiri karibu mwezi mzima bila kuiendesha. Muda huo fundi akamwaga oili ya injini, zinaingia lita 4 hivi, akabadilisha mafuta ya breki, maji ya rejeta na chujio la hewa. FJR haina cheni, inatumia shafti, yaani mhimili wa chuma unaozungusha gurudumu la nyuma, na shafti ina oili yake pale kwenye gurudumu la nyuma, lita 0.2 tu. Watu wengi huisahau. Yangu ilitoka nyeusi tii.

Basi, siku niliyoitoa na matairi mapya nilikaribia kupaza sauti ndani ya helmeti. Kona ile ile, ukigeuza shingo tu inakufuata.

Safari ya kweli ilikuwa Iringa, kumfuata mke wangu aliyekuwa kwao. Niliondoka saa kumi na moja alfajiri. Mpaka Chalinze ni malori, na huko ndiko nilikoelewa cc 1,298 na silinda nne zina maana gani. Kwenye XLR kulipita lori ilikuwa hesabu: unapangua gia, unavuta mafuta mpaka mwisho, unaomba Mungu. Hii ikiwa gia ya tano, mwendo wa 100, injini iko zaidi kidogo ya mizunguko 3,000, haina kelele. Ukiongeza mafuta kidogo bila kugusa gia, lori limebaki nyuma. Lakini ndugu, hapo ndipo penye hatari yake. Mwendo wa 140 unauona kama 80, na vijiji vyetu ni 50. Tochi za trafiki zipo, na faini ni nafuu kuliko kumgonga mtoto anayekatiza barabara. Mimi hutumia kitufe chake cha kushikilia mwendo, naweka 90, naacha kuangalia dashibodi kila sekunde.

Kioo cha mbele kinapanda na kushuka kwa umeme. Kabla ya Morogoro nilikiacha chini ili nipate hewa, maana injini kubwa lazima itoe joto na kwenye foleni mapaja yatalisikia. Baada ya mlima wa Kitonga nilikipandisha chote, baridi ya Iringa ikapita juu ya mabega. Kitonga kwenyewe sina la kueleza zaidi ya kwamba nilitamani kurudi chini nipande tena. Malori yanapanda kwa gia ya kwanza, wewe unapita penye nafasi kwa gia ya tatu.

Kutoka Morogoro hadi Iringa, kama kilomita 300, ilikunywa lita 17.

Sasa matuta, maana ndiyo shida yenyewe. Chini ya FJR pana uwazi wa sentimita 13 hivi. Rasta haziisumbui. Tuta refu lenye mgongo wa duara inalipita. Tuta fupi lililochongoka, lile la kijijini, liendee taratibu kabisa, bila kushika breki ukiwa juu yake, kwa sababu breki inaizamisha mbele. Na kama njia yako ya kila siku ina vumbi na mashimo, tafuta mashine nyingine, kweli kabisa. Kipande cha changarawe cha kilomita mbili nilikipita, ila kwa jasho. Breki ya mguu inashika nyuma na sehemu ya mbele kwa pamoja, hivyo ile tabia yetu ya XLR ya kuburuza tairi la nyuma peke yake isahau.

Kurudi tulikuwa wawili, mabegi yamejaa. Nilisahau ule mkono wa shokapu. Tuta la kwanza Ilula tukasikia chuma kikisugua chini. Nikasimama, nikaupeleka kwenye ngumu, na hatukugusa tena hadi Dar.

Kuhusu mama watoto: kwenye XLR wangu alikuwa ananigonga bega kila baada ya saa moja, kiuno kinauma. Safari hii nilisimama Mikumi mjini kwa mazoea, nikamwambia ashuke anyooshe miguu. Akaniuliza kama pikipiki imeharibika.

Valvu za injini zinatakiwa kukaguliwa ikifika kilomita 42,000, yangu imeshafika, naipeleka gereji wiki ijayo. Ukitaka kuiona njoo kabla ya hapo, njoo na leseni yako ya daraja A, twende ule uwanja mtupu.