Navvy hakuwa baharia

Nilipoanza kutafsiri hapa Moshi nilipewa makala kuhusu reli za Uingereza za karne ya 19. Ndani yake kulikuwa na neno navvy. Mimi nikaona navy, nikaandika bila wasiwasi: "Wanamaji walijenga tuta la reli kwa sururu na machepe." Mhariri wangu, dada mpole kweli, hakufuta kitu. Alipiga duara jekundu kwenye "wanamaji", pembeni akaandika: Meli iko wapi?

Ninyi mnaoanza kazi hii, swali la aina hiyo jiulizeni kabla hamjaulizwa. Neno lile kweli lina maji ndani yake, ndiyo maana linadanganya. Katika karne ya 18 Waingereza walichimba mifereji ya kupitisha mashua za mizigo, na mfereji wa namna hiyo waliuita navigation. Mchimbaji wake akaitwa navigator, jina likafupishwa kuwa navvy. Reli zilipoanza kujengwa kwa wingi, wachimbaji walihamia huko na jina lao. Maji yakabaki kwenye jina tu.

Sasa kwa Kiswahili tumwiteje? "Mchimbaji" peke yake, huku kwetu jirani na Mererani, msomaji anamwona mtu wa tanzanaiti ndani ya shimo. "Mchimba mifereji" ndiyo kabisa: Mchaga atamfikiria mzee anayezibua mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, ili maji yafike mgombani kwake. Navvy hakuwa na shamba pale. Alilipwa ujira, kazi ikiisha anahamia kambi nyingine. Nikaandika "vibarua wa kuchimba njia ya reli", ikapita.

Na kibarua lenyewe limesafiri vilevile. Ni barua ndogo: kikaratasi alichokuwa akipewa mtu wa kazi ya kutwa. Jina likahama kutoka kwenye karatasi hadi kwa mwenye nayo, na leo nani anaona karatasi humo?

Asili ya neno itafuteni, ila msiitafsiri. Tena msiitunge. Chimbuko limetoka kwenye chimba, na hatua zake zinaonekana: chimba, chimbua, chimbuka, chimbuko. Kijana mmoja ofisini aliniapia kwamba mlima umetokana na kulima. Nikamwomba anionyeshe hatua za katikati. Akaagiza chai.