Barua kwa mwanangu: Bangkok niliyoiona mimi

Mwanangu Zuhura,

Marahaba. Umeniuliza kwa nini nilikwenda Bangkok mara nne na hamkusikia kitu zaidi ya "nimefika salama". Sasa kazini kwenu wanakupeleka wiki mbili, ndiyo unataka simulizi. Haya, ila ujue Bangkok yangu ni ya mtu aliyefuata mzigo.

Mara ya kwanza ilikuwa 2009. Pale uwanja wa Suvarnabhumi nilidaiwa kadi ya homa ya manjano, kwa hiyo yako usiitie kwenye begi kubwa. Nikafikia Pratunam, kwenye soko la nguo. Fikiria Kariakoo siku mbili kabla ya Idi, kisha ondoa kelele. Watu wamebanana hivyo hivyo, lakini hakuna anayekushika mkono wala kupiga makofi. Muuzaji anakupa kalkuleta. Anabonyeza 250, unafuta, unabonyeza 150, anacheka, anarudisha 220. Ukichukua tatu unapewa bei ya jumla. Siku ya kwanza kila aliyecheka nilidhani amekubali, nikawa natoa hela mapema. Kumbe mtu anaweza kukukatalia asubuhi nzima huku anatabasamu, wala hakuchukii.

Joto ni la Dar, upepo wa bahari haupo. Halafu ukiingia kwenye treni yao inayopita juu ya nguzo unatetemeka kwa baridi. Wanayo tangu 1999, sisi mwendokasi tumeupanda 2016. Beba kanga.

Sasa yale niliyonyamazia. Siku ya pili, saa kumi na mbili jioni, nakatiza stesheni na mabegi mawili, wimbo wa taifa lao ukapigwa kwenye spika. Watu wote wakaganda, hata watoto wa shule. Mimi naburuza tu, magurudumu yangu yanagonga sakafu peke yake stesheni nzima. Mimi huyu ninayewafinya nyie msimame bendera inaposhushwa kituo cha polisi! Aibu ile nililala nayo.

La pili ni zito kidogo. Chakula halali nilikuwa nakifuata Nana, kwenye kichochoro cha Waarabu kando ya barabara ya Sukhumvit. Nyama nzuri sana, lakini jirani yake ndiko kwenye zile biashara za usiku. Jioni moja natoka kula, nimejitanda ushungi wangu, mwanamume mmoja akanisogelea akaniuliza bei yangu. Sikumjibu. Nilitembea hadi hotelini, nikaoga mara mbili. Baba yako sikumwambia, na wewe ulikuwa darasa la tano, ningekuambia nini? Hayo ndiyo yaliyonifunga mdomo, na nikirudi nilikuwa nafungua mabegi nawagawia nguo, yanaishia hapo.

Safari ya tatu ndipo nikagundua msikiti wa Darul Aman, Phetchaburi Soi 7, si mbali na Pratunam. Kuna vibanda vya wali wa manjano na kuku, biriani ya kwao. Kula huko, kina mama wanaopika wanavaa mtandio na hawana maneno. Losheni nayo nenda na yako. Madukani utageuza kopo baada ya kopo, yote yanaahidi kukung'arisha ngozi.

Jambo moja nakuomba. Jirani na soko pana mfereji wa Saen Saep, una boti za abiria. Maji yanatoa harufu, sikufichi. Kondakta anatembea ukingoni mwa boti amevaa helmeti kwa sababu ya madaraja, na abiria wenyewe wanavuta kamba kuinua turubai wasirukiwe. Zinaishia Panfa, karibu na kilima chenye hekalu la dhahabu. Mara zote nne nilisimama darajani nikizitazama, mzigo uko mkononi. Panda wewe, ukae katikati, pembeni utalowa.

Mama yako