Mkuu, hiyo ruta ya laini mbili usiinunue kwanza

Hela usitoe kwanza. Umeuliza ununue ruta ipi ya laini mbili ili redio yenu itangaze mechi kutoka uwanjani bila kukatika. Hiyo ruta ndiyo iliyoniumiza mimi.

Muuzaji aliniambia, "Weka laini mbili, zinakuwa moja." Nikatoa laki sita na nusu. Dakika ya 88 timu ya nyumbani ikapata penalti, uwanja mzima ukatoa simu kurusha video, laini ya kwanza ikazidiwa. Ruta ikachelewa kugundua. Ilipohamia laini ya pili, anwani ya intaneti ikabadilika, mawasiliano na studio yakavunjika, tukaanza kuunganisha upya. Sekunde 47 za kimya! Msikilizaji alisikia "anarudi nyuma, anapi..." basi. Sauti iliporudi watu wanashangilia, hajui kipa kadaka au bao. Mdhamini wetu alikuwa anasikiliza ndani ya gari. Mkataba hakuurudia.

Yule muuzaji sijamsamehe, maana nilimwambia wazi kuwa ni ya redio. Ruta za namna ile zinagawana kazi tu: simu yako inapita huku, kompyuta kule. Matangazo ni mkondo mmoja, unapanda laini moja, nyingine inakaa benchi. Zipo zinazounganisha kweli, zinagawa pakiti (vipande vidogo vya data) huku na huku kisha zinapangwa upya upande wa pili, lakini laini moja ikijikokota, iliyo nzima nayo inaisubiri.

Mkuu, wewe hutafuti kasi. Sauti iliyobanwa kwa Opus (mfumo wa kubana sauti) ya kilobiti 64 kwa sekunde, saa mbili nzima, haifiki hata MB 80. Bando hilo ni dogo sana, kwa hiyo tuma sauti yote kwenye laini zote mbili kwa wakati mmoja. Kila pakiti ina namba yake; upande wa kupokea unachukua inayotangulia kufika na kutupa pacha wake. Laini moja ikifa, msikilizaji hajui. Speedify, programu ya kutumia laini kadhaa za intaneti kwa pamoja, ina mpangilio wa hivyo. Chochote utakachonunua, uliza kama kinatuma nakala mbili. Neno "kuunganisha" lisikudanganye.

Na laini zenyewe zisiwe ndugu. Mitandao tofauti mara nyingi imepanga kwenye mnara mmoja. Umeme ukikatika pale na jenereta ikagoma, zote zinakwenda. Mimi sasa njia moja ni laini ya simu, ya pili ni faiba ya gesti iliyo jirani na uwanja, navuta kebo mita 80 (usivuke 100).

Saa moja kabla ya mechi mtu wa studio avae hedifoni, wewe chomoa kebo. Rudisha, kisha zima laini ya simu. Akisikia hata mkwaruzo mmoja, usiende hewani.

Mnatangazia uwanja gani? Kama kuna jengo lenye faiba karibu, kaongee na mwenye nalo leo leo.