Kabla ya kununua AC kubwa, tazama paa lako

Ndugu yangu, unauliza ununue AC kubwa zaidi kwa kuwa nyumba yako ya Tabata, Dar es Salaam, haikaliki mchana na yuniti za umeme wa LUKU hazifiki mwisho wa mwezi. Usinunue bado. Saa nane mchana panda ngazi, ingiza mkono juu ya dari: joto utakalolikuta pale ndilo unalolilipia. Bati la rangi ya kahawia linameza jua kutwa, kisha linalimwaga chumbani hadi usiku. Lipake nyeupe. Toboa matundu ya hewa chini ya paa, pande mbili zinazotazamana, na upande wa magharibi panda mwarobaini. Mimi nilianza na rangi tu, feni ikanitosha miezi mingi.

Sehemu ya umeme wetu inatokana na gesi asilia ya Songo Songo na Mtwara, ambayo ikichomwa hutoa hewa ukaa inayoipasha dunia joto, kwa hiyo AC zetu zinaongeza joto lile lile tunalolikimbia.

Ikibidi kununua AC, chukua ya inveta, yaani ile inayopunguza kasi badala ya kuzima na kuwaka, iweke nyuzi 26. Kilo moja ya R-410A, gesi ya kupoozea iliyomo ndani ya AC nyingi, ikivuja hupasha dunia joto sawa na zaidi ya tani 2 za hewa ukaa. Fundi akija kuihudumia AC, asiiachie gesi hiyo hewani. Aikusanye kwenye mtungi.