Anza kuhesabu kwenye CHO

Mdogo wangu wa Chumbageni, hiyo CH3CH(CH3)CH2CHO uliyoiita 2-methilibutanali ni 3-methilibutanali. Umeanza kuhesabu kaboni upande wa tawi (ile CH3 ya kwenye mabano). Kwa aldihaidi (kampaundi zenye kundi la CHO), kaboni ya CHO ndiyo namba 1 daima, hata tawi likiangukia namba kubwa. Na hiyo 1 haiandikwi, maana CHO hukaa mwishoni tu mwa mnyororo.

Jipime kwa mdalasini wa Muheza unaouzwa sokoni: harufu yake hasa ni C6H5CH=CHCHO. Kifungo maradufu kimeanzia kaboni ya 2, fenili (pete ya C6H5) iko ya 3, basi 3-fenilipropi-2-enali. (Jina refu kuliko kijiti chenyewe!) Ila CHO ikishika pete moja kwa moja, acha kiishio -ali, tumia -kabaldihaidi.