Hodi ya samaki

Swali lenu la wiki hii ni hili: ni kitu gani cha ajabu au cha kuchekesha ulichowahi kukikuta kwenye intaneti na hadi leo hujakisahau? Changu ni kengele ya mlangoni ya samaki.

Iko Utrecht, Uholanzi. Mji huo una mifereji, na mmoja wao una lango kubwa la maji liitwalo Weerdsluis, linalofunguliwa boti zinapotaka kupita. Kila majira ya kuchipua samaki huogelea kupanda mkondo wa maji wakitafuta maji ya kina kifupi wapate kutaga mayai. Lakini msimu huo boti huwa chache. Lango hukaa limefungwa siku nyingi, samaki wanajazana mbele yake, na ndege wala samaki wanajichukulia bila jasho.

Basi mwaka 2021 watu wa huko wakatumbukiza kamera majini na kurusha picha zake mubashara. Yeyote, popote alipo, akiona samaki anabonyeza kitufe cha kengele. Picha inanaswa na kupelekwa kwa wahusika, na foleni ikionekana kuwa ndefu, mlinzi wa lango anafungua. Samaki hana mkono wa kubisha hodi, kwa hiyo tunambishia sisi.

Mara ya kwanza nilidhani ni mzaha, nikacheka peke yangu. Kisha nikakaa kutazama. Maji ya kijani, chembechembe zinapita, hakuna kingine. Ukweli ni kwamba muda mwingi huoni chochote, na anayetaka burudani ya haraka ataondoka mapema. Mimi nilibaki. Hatimaye kivuli kikatokea pembeni, kikawa mkia, kikawa samaki mzima mwenye ubavu unaong'aa, ametulia pale kama mgeni aliyefika na hajasikia "karibu". Nilibonyeza. Moyo ulinidunda kana kwamba ni mimi niliyekuwa nje ya mlango.

Nimeona vioja vingi mtandaoni. Watu hupenda kuutaja ukurasa wa mwaka 2005 ambao kijana wa Kiingereza, Alex Tew, aliwauzia watangazaji pikseli milioni moja, yaani vinukta vinavyounda picha ya skrini, kwa dola moja kila moja, akazimaliza. Ni wazo la akili kali, nalikubali, lakini halinivuti kurudi kutazama matangazo yaliyobanana. Kinachonivuta ni pale ambapo kutazama kwangu kunamfaa mwingine.

Ndiyo maana naipenda pia hadithi ya birika la kahawa la Cambridge, ambalo kwangu ni babu wa kengele hii. Mwaka 1991 watafiti wa maabara ya kompyuta ya chuo kikuu walikuwa na birika moja tu, katika chumba kilichoitwa Trojan. Waliokuwa ghorofa nyingine walipanda na kushuka ngazi, wakifika wanakuta tupu. Wakalielekezea kamera. Picha ilikuwa ndogo mno, pikseli 128 kwa 128, ya kijivujivu, lakini ilitosha kumwonyesha mtu kama kuna cha kunywa. Mwaka 1993 ikaunganishwa na wavuti, na watu wasio na uwezekano wowote wa kuonja kahawa ile wakaanza kuitazama kutoka pembe zote za dunia. Kamera ilizimwa mwaka 2001, na birika likauzwa kwa mnada kwa zaidi ya pauni 3,000. Hivyo kamera inayotajwa kuwa ya kwanza ya aina yake kwenye wavuti ilizaliwa ili mwenzako asipande ngazi bure. Huwa nalikumbuka hilo kila ninaposikia kwamba mitandao imejaa upuuzi.

Siku hizi ukifika Machi naufungua ule ukurasa wa samaki na kuuacha wazi kando ya kazi zangu. Mwaka huu binti yangu alikuwa pajani tulipomwona mmoja mkubwa, na kidole kilichobonyeza kilikuwa chake. Akaniuliza papo hapo kama lango limefunguliwa. Kwenye skrini halionekani, kamera inawatazama wanaongoja tu. Tulingoja nao. Tulipotazama tena baada ya chakula, palikuwa na maji matupu, na akayapungia mkono.