Pole kwanza, maji badaye

Jana usiku mama mmoja wa Bukavu kaniandikia inbox, tuko naye kwenye grupu moja ya WhatsApp ya wazazi wa watoto wenye SS, yaani ugonjwa wa selimundu, ule wa damu wa kurithi. Anasema "yaya, ile siku mtoto anaumwa, ungeanza kuniuliza kama mtoto alikunywa maji, ningetoka kwenye grupu." Nimeisoma hiyo mesaji mara tatu, nikasema leo naandika juu ya namna ya kumjibu mtu mwenye shida kwenye grupu.

Maana mi nilijifunza kwa kuumia. Mei 2021, volkano yetu ya Nyiragongo ililipuka tarehe 22, halafu tarehe 27 asubuhi wakatuambia tuhame, watu wa Goma wamejaa barabara ya Sake, wengine kwa mguu na godoro kichwani. Kijana wangu alikuwa na miaka 7. Mchana jua na kiu, usiku baridi kwenye baraza ya watu, na mwenye mtoto wa SS anajua hivyo njo vinaamsha krizi, yale maumivu makali. Saa nane ya usiku analia mikono na miguu, nikaandika kwenye grupu, betri imebaki 9%.

Jibu la kwanza: "Kwani hukumpa maji?" La pili, mtu hata sura yake siijui: "Njo matokeo ya kuoana bila kupima damu." Halafu stika za mikono ya kuomba, zikafuatana tu. Ile ya damu inaniuma mpaka leo. Najua baba na mama wote wakiwa AS, yaani wamebeba SS bila wenyewe kuugua, kila mimba iko na nafasi 1 kwa 4 ya kuzaa SS, daktari alishatuchorea kwenye karatasi. Lakini usiku ule hiyo hesabu ingenisaidia nini?

Mama mmoja tu aliandika: "Mama, niko macho. Inamuuma sana wapi?" Akabaki na mimi. Akaniambia nimfunike kitenge, nimpe maji kidogo kidogo, kukipambazuka nitafute hospitali. Maji yale yale! Ila yeye alinipa pole kwanza, nikayasikia.

Sasa wewe unayejibu watu, tafadhali, "angalau uko na watoto wengine" iache kabisa. "Jikaze" nayo, huyo mtu amejikaza tangu asubuhi. Kwenye matanga tunafika, tunakaa chini, tunanyamaza, hakuna anayeingia akiuliza mgonjwa alicheleweshwa na nani, sasa kwa nini tukishika simu adabu inapotea? Usikopi pole ya mwenzio. Muite mama kwa jina la mtoto wake, jambo la aibu mfuate inbox, na kesho yake rudi uulize ameamkaje. Hiyo ya kesho njo wengi wanaacha, na njo mtu anaisubiri kuliko zote.

Huyu wa Bukavu nilirudi kumuuliza asubuhi. Kanitumia odio ya sekunde nne, mtoto mwenyewe anasikika nyuma anaomba bugali na samaki wadogo wa sambaza.